Arsenal: Timu ya mafundi wa mizinga iliyoondoka kwao

Mashabiki wa Arsenal hupatikana Muscat na Dubai, Mombasa na Bujumbura, Leicester na Minneapolis. Wengi wao wanaweza kutaja, bila kusita, majina ya wachezaji waliomaliza msimu wa ligi wa 2003-04 bila kupoteza mchezo hata mmoja.

Ni wachache wanaofahamu kwamba timu hiyo ya kaskazini mwa London ilizaliwa upande wa pili wa mto Thames, katika karakana ya kutengeneza mizinga. Ni wachache zaidi wanaojua kwamba watu walioianzisha kwa fedha za mifukoni mwao walikuja kuachwa nyuma nayo.

Historia ya miaka 33 ya kwanza ya klabu hiyo, kuanzia 1886 hadi 1919, ni historia ya swali moja ambalo wapenzi wa kandanda wanaendelea kuulizana hadi leo: je, klabu ni mali ya nani?

Peni sita za kila mtu

Woolwich ni mji ulio kando ya mto Thames, kilomita zipatazo 15 mashariki ya katikati ya London. Katika karne ya 19 mji huo uliishi kwa kazi moja kubwa, nayo ni Royal Arsenal, yaani maghala na viwanda vya silaha vya serikali ya Uingereza.

Humo ndimo yalimotengenezwa mizinga, makombora na risasi za jeshi la himaya iliyokuwa ikijitanua katika Asia na Afrika. Kazi ilikuwa nyingi, na wafanyakazi walifika kutoka pembe zote za Uingereza, wakiacha jamaa zao na kupanga vyumba katika mitaa ya Woolwich na Plumstead.

Mmoja wao alikuwa David Danskin, fundi kutoka Fife huko Scotland, kijana wa miaka 23. Huko kwao alikuwa amezoea kucheza soka. Katika jimbo la Kent, ambako Woolwich ilikuwamo wakati huo, alikuta watu wakipenda zaidi raga na kriketi.

Mwishoni mwa mwaka wa 1886, Danskin na wenzake wa karakana iliyoitwa Dial Square waliamua kuunda timu. Karakana hiyo ilipata jina lake kutokana na saa ya jua iliyowekwa juu ya lango lake.

Inasimuliwa kwamba wafanyakazi 15 walitoa peni sita kila mmoja, na Danskin akaongeza shilingi tatu zake mwenyewe ili upatikane mpira. Haba na haba hujaza kibaba, na jumla yake ilikuwa shilingi kumi na peni sita.

Tarehe 11 Disemba mwaka huo walivuka mto na kucheza mchezo wao wa kwanza dhidi ya Eastern Wanderers, katika eneo la Isle of Dogs. Uwanja haukuwa na hadhi yoyote ya uwanja, na mtaro wa majitaka ulipita jirani. Walishinda kwa mabao sita kwa bila.

Muda mfupi baadaye waliacha jina la karakana na kujiita Royal Arsenal. Jezi hawakuwa nazo. Lakini wawili kati yao, Fred Beardsley na Morris Bates, waliwahi kuchezea Nottingham Forest, nao waliwaandikia wenzao wa zamani kuomba msaada. Forest walituma jezi nyekundu. Rangi ambayo Arsenal inajulikana kwayo duniani kote ilianza kama msaada kwa watu waliohamia mji wa ugenini.

Mshahara wa dhambi

Timu hiyo ilikua haraka kuliko ilivyotarajiwa. Ilianzia katika uwanja wa wazi wa Plumstead Common, ambao jeshi nalo liliutumia kwa mazoezi, kisha ikahamia viwanja vilivyozungushiwa uzio na kuanza kutoza kiingilio. Mwaka wa 1890 ilitwaa Kombe la Kent na Kombe la Hisani la London. Mwaka uliofuata ikatwaa Kombe la London.

Hata hivyo, mafanikio hayo yalizaa tatizo. Chama cha Soka cha England, FA, kilikuwa kimeruhusu wachezaji kulipwa mshahara tangu mwaka wa 1885, lakini ruhusa hiyo ilitumika zaidi kaskazini na katikati ya nchi, kwenye miji ya viwanda vya nguo na chuma.

Kusini, viongozi wa mchezo walikuwa mabwana waliosoma katika shule za kitajiri. Kwao kandanda ilikuwa burudani ya muungwana, na kumlipa mchezaji kulikuwa kuuchafua mchezo. Muungwana hakuhitaji fidia kwa sababu hakupoteza ujira wowote. Fundi wa karakana aliyevunjika mguu siku ya Jumamosi hakuwa na ujira siku ya Jumatatu.

Mnamo Januari 1891, Royal Arsenal walicheza na Derby County katika Kombe la FA na kufungwa mabao mawili kwa moja. Baada ya mchezo, wageni hao walijaribu kuwachukua wachezaji wawili wa Arsenal kwa kuwaahidi mshahara. Viongozi wa Woolwich wakatambua kwamba timu isiyolipa itakuwa shamba la wengine kuvuna.

Mwaka huo huo wanachama walikubali timu iwe ya kulipwa. Aliyetoa hoja hiyo alikuwa Jack Humble, fundi kutoka Durham. Inasimuliwa kwamba yeye na kaka yake walitembea kwa miguu kutoka huko kaskazini hadi London kutafuta kazi.

Adhabu ilifuata mara moja. Chama cha soka cha London kiliwafungia milango, na mashindano ambayo walikuwa mabingwa wake wakawa hawaruhusiwi kuyacheza. Jaribio la kuanzisha ligi ya timu za kusini lilishindwa. Kwa miaka miwili klabu iliishi kwa michezo ya kirafiki na Kombe la FA.

Hisa za pauni moja

Mwaka wa 1893 mambo mawili makubwa yalitokea kwa pamoja. La kwanza, mwenye uwanja wa Invicta, walikokuwa wakicheza, alitaka kupandisha kodi. La pili, Ligi ya Soka, iliyoanzishwa mwaka wa 1888 na timu 12 za kaskazini na katikati ya England, ilikubali kuipokea timu hiyo katika daraja la pili.

Ilikuwa timu ya kwanza ya kusini kuingia katika ligi hiyo. Timu za mbali zilinung'unika kwa gharama ya safari, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa.

Ili kupata fedha za kununua uwanja wa Manor Ground huko Plumstead, klabu iligeuzwa kuwa kampuni yenye hisa 4,000, kila moja kwa pauni moja. Walionunua wengi wao walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha silaha na jirani zao, mmoja hisa moja, mwingine mbili. Ununuzi wa uwanja haukumaliza kazi. Wakati wa kiangazi mashabiki walijitolea kusawazisha ardhi na kujenga sehemu za kukaa na kusimama.

Tarehe 2 Septemba 1893, timu hiyo, ambayo sasa iliitwa Woolwich Arsenal, ilicheza mchezo wake wa kwanza wa ligi na kutoka sare ya mabao mawili kwa mawili na Newcastle United.

Kwa siku hiyo moja, jibu la swali la umiliki lilikuwa wazi. Watu waliokuwa wakishangilia ndio waliokuwa wameununua uwanja, wameujenga, na wana hati za hisa majumbani mwao.

Lakini maisha ya wachezaji hayakuwa mepesi. Mwezi Novemba 1896 nahodha Joe Powell aliumia mkono katika mchezo dhidi ya Kettering. Jeraha liliingia vijidudu vya pepopunda, na ingawa madaktari waliukata mkono, Powell alifariki dunia siku chache baadaye akiwa na umri wa miaka 26. Siku hizo mchezaji aliweza kupoteza uhai wake kwa kidonda ambacho leo kingetibiwa kwa sindano.

Vita vya Afrika Kusini

Klabu iliyofungamana na kiwanda cha silaha haikuweza kuepuka athari za vita. Vita kati ya Waingereza na Makaburu vilipoanza nchini Afrika Kusini mwaka wa 1899, viwanda vya Woolwich vilifanya kazi mchana na usiku.

Mafundi waliokuwa wakienda uwanjani Jumamosi mchana sasa walibaki kazini. Mapato ya kiingilio yakaporomoka, na klabu ikalazimika kuuza wachezaji ili kulipa madeni.

Vita hivyo viliacha alama nyingine. Mwezi Januari 1900 majeshi ya Uingereza yalishindwa kwenye kilima cha Spion Kop huko Natal, na mamia ya askari wakapoteza maisha. Mwaka wa 1904, klabu ilipojenga jukwaa kubwa la mashabiki upande mmoja wa Manor Ground, watu waliliita Spion Kop.

Miaka miwili baadaye jina hilo lilitumiwa Liverpool katika uwanja wa Anfield, nako ndiko lilikopata umaarufu. Hivyo kilima cha Afrika kiliingia katika lugha ya kandanda ya Waingereza kwa kupitia mji uliotengeneza mizinga ya vita vile.

Chini ya meneja Harry Bradshaw timu iliimarika, na mwaka huo wa 1904 ikapanda daraja la kwanza. Mwaka wa 1906 na 1907 ilifika nusu fainali ya Kombe la FA, ikatolewa kwanza na Newcastle kisha na Sheffield Wednesday.

Nje ya uwanja hali ilikuwa ikibadilika. Baada ya vita kumalizika, serikali ilipunguza oda za silaha na maelfu ya wafanyakazi wakaachishwa kazi. Wengi walihama Woolwich. Wakati huo huo timu mpya za kulipwa zilichipuka katika sehemu nyingine za London, kama vile Chelsea iliyoanzishwa mwaka wa 1905, zikiwa na viwanja vilivyo karibu zaidi na watu. Kufika Plumstead kutoka katikati ya jiji kulikuwa safari ndefu na ya kuchosha.

Tajiri kutoka Fulham

Kufikia mwaka wa 1910 klabu ilikuwa imezama katika madeni na kampuni yake ikafilisiwa. Wakaazi wa Woolwich waliombwa kununua hisa za kampuni mpya, lakini walioitikia hawakutosha. Mji uliokuwa umeachishwa kazi haukuwa na pauni za ziada.

Ndipo alipojitokeza Henry Norris, mjenzi na mfanyabiashara wa nyumba aliyekuwa meya wa Fulham na kiongozi wa klabu ya huko. Wazo lake la kwanza lilikuwa kuziunganisha timu hizo mbili ili zitumie uwanja wa Fulham. Ligi ilikataa. Norris na mwenzake William Hall wakabaki na Woolwich Arsenal mikononi mwao.

Msimu wa 1912-13 ulikuwa wa aibu. Timu ilishinda michezo mitatu tu kati ya 38, ikafunga mabao 26, ikapata pointi 18 na kushuka daraja. Hiyo ndiyo mara ya pekee Arsenal kushuka daraja katika historia yake.

Norris alikuwa ameshaamua. Alikodi kwa miaka 21 kipande cha ardhi cha chuo cha theolojia cha St John's huko Highbury, kaskazini mwa London, kwa pauni 20,000. Wenye chuo waliweka sharti kwamba mchezo usichezwe siku za Ijumaa Kuu na Krismasi. Jambo lililomvutia zaidi mfanyabiashara huyo lilikuwa kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Gillespie Road, kilichokuwa hatua chache tu kutoka hapo.

Kila upande ulipinga. Tottenham Hotspur na Clapton Orient walisema eneo hilo ni lao. Baraza la Islington halikutaka mikusanyiko ya watu wa mpira. Ligi ilijibu kwamba haina mamlaka ya kuizuia klabu kuhama.

Waliopaza sauti kwa uchungu zaidi walikuwa mashabiki wa Woolwich na Plumstead. Kampuni yao ya 1893 haikuwapo tena, na katika kampuni mpya hawakuwa na kura za kutosha. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema, na mkono wa Woolwich ulikuwa mtupu.

Mchezo wa kwanza Highbury ulichezwa tarehe 6 Septemba 1913, jukwaa likiwa bado halijakamilika. Arsenal waliwafunga Leicester Fosse mabao mawili kwa moja. Inasimuliwa kwamba mchezaji George Jobey alipoumia, alibebwa kwa mkokoteni wa muuza maziwa. Mwaka wa 1914 jina la Woolwich liliondolewa katika jina la klabu.

Kura ya mwaka wa 1919

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilisimamisha ligi mwaka wa 1915. Msimu wa mwisho kabla ya kusimama, Arsenal walikuwa wa tano katika daraja la pili. Katika daraja la kwanza, Chelsea walimaliza wa 19 na Tottenham wa 20, yaani wa mwisho.

Vita vilipokwisha, Ligi iliamua kuongeza timu za daraja la kwanza kutoka 20 hadi 22. Derby County na Preston North End, waliokuwa juu katika daraja la pili, walipandishwa, na Chelsea wakabakizwa. Ikabaki nafasi moja, na iliamuliwa ipigiwe kura mwaka wa 1919.

Arsenal walipata kura 18 na Tottenham wakapata nane. Barnsley walipata tano, na nyingine 10 ziligawanywa kwa timu nne. Timu iliyokuwa ya tano katika daraja la chini ikapanda juu, na jirani zake wakashuka.

Rais wa Ligi, John McKenna wa Liverpool, aliwatetea Arsenal kwa hoja kwamba walikuwa wamekaa ndani ya Ligi miaka mingi kuliko Tottenham. Tuhuma za rushwa dhidi ya Norris, ambaye wakati huo alikuwa mbunge, zimerudiwa kwa zaidi ya miaka 100, lakini ushahidi haujawahi kutolewa. Mwaka wa 1927 FA ilimfungia kwa makosa ya fedha za klabu, ambayo hayakuhusiana na kura hiyo.

Hoja ya McKenna ina jambo la kutafakari. Miaka mingi iliyoipa Arsenal haki ya kupanda ilikuwa miaka ya Plumstead. Walioihesabu kwa jasho lao walikuwa mafundi waliokaidi amri ya chama cha London na kupeleka timu yao hadi Newcastle na Liverpool. Matunda yake yalichumwa Highbury.

Tangu siku hiyo Arsenal hawajashuka daraja tena. Mwaka wa 1925 aliajiriwa meneja Herbert Chapman, na katika miaka ya 1930 klabu ikatwaa ubingwa wa ligi mara tano. Kwa ombi la Chapman, kituo cha Gillespie Road kilipewa jina la Arsenal mwaka wa 1932.

Kilichobaki Woolwich

Watetezi wa Norris husema kwamba bila yeye klabu ingekufa mwaka wa 1910, na leo pasingekuwa na Arsenal ya kushangiliwa. Hoja hiyo ni nzito. Madeni yalikuwa ya kweli, na mji ulikuwa umedhoofika. Lakini ni kweli pia kwamba waliookoa klabu waliiokoa kwa kuiondoa kwa waliokuwa wameijenga, na wale hawakulipwa chochote kwa siku zao za kiangazi cha 1893.

Kusini mashariki mwa London pengo hilo lilizibwa na wengine. Charlton Athletic, timu iliyoanzishwa na vijana wa mtaa jirani mwaka wa 1905, iliingia katika Ligi mwaka wa 1921.

Arsenal waliondoka Highbury mwaka wa 2006 na kuhamia uwanja mpya ulio karibu, unaobeba jina la shirika la ndege la Emirates la Dubai. Mwaka wa 2018 jina la Rwanda liliandikwa kwenye mkono wa jezi yao.

Mwaka huo huo wa 2018 kampuni ya Mmarekani Stan Kroenke ilipata hisa za kutosha kuimiliki klabu yote, na sheria ikawalazimisha wanahisa wadogo waliobaki kuuza zao. Miongoni mwao walikuwamo mashabiki wenye hisa moja moja, waliozitunza kwa mapenzi tu. Walilipwa takriban pauni 29,400 kwa kila hisa. Baadhi yao walisema hadharani kwamba hawakutaka fedha hizo, walitaka kubaki na sauti katika mkutano wa mwaka.

Kiwanda cha silaha cha Woolwich kilifungwa mwaka wa 1967, na jeshi likaondoka kabisa mwaka wa 1994. Majengo yake mengi yamegeuzwa kuwa nyumba za kuishi. Lango la Dial Square lingali limesimama, na saa yake ya jua ingali juu yake. Kwenye beji ya Arsenal ungali mzinga mmoja, kazi ya mikono ya mji ambao jina lake halimo tena katika jina la klabu.